Maji ya Ardhini na Maporomoko ya Milima

Siku moja katika darasa letu la kisomo mwanafunzi mmoja mzee aliuliza: "Mwalimu, mvua huisha mwezi wa tano. Mbona kijito chetu kina maji hata mwezi wa tisa? Maji hayo yanatoka wapi?"

Swali hilo ni zuri. Tukilijibu tutajua pia kwa nini mlima huporomoka na kuua watu.

Safari ya maji ya mvua

Mvua ikinyesha, maji yake hugawanyika mara tatu. Sehemu moja hukauka kwa jua na kurudi hewani. Sehemu ya pili hutiririka juu ya ardhi mpaka mtoni. Sehemu ya tatu huingia ardhini.

Udongo una matundu madogo. Maji hupita katika matundu hayo, yakishuka polepole. Yakifika kwenye mwamba mgumu usio na nyufa, hayawezi kushuka tena. Basi hujikusanya hapo, kisha hufuata mteremko wa mwamba. Mahali yanapotokeza nje panaitwa chemchemi. Ukichimba kisima mpaka kuyafikia, utapata maji.

Hivyo basi, maji ya kijito mwezi wa tisa ni mvua ya masika iliyowekwa akiba ardhini. Mwenye ghala hula wakati wa njaa. Ardhi yenye miti na majani ni ghala zuri, kwa sababu mizizi na majani yaliyooza huufanya udongo uwe mwororo na kunywa maji. Ardhi tupu hugongwa na matone ya mvua mpaka ikawa ngumu. Maji hukimbia juu yake na kuchukua udongo, na kijito hukauka mapema.

Kwa nini mlima huporomoka?

Mvua ikiwa kubwa mno, matundu yote ya udongo hujaa maji. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, udongo huwa mzito. Mvua ya milimita 100 ni sawa na kumwaga ndoo tano za lita 20 juu ya kila meta moja ya mraba. Uzito wake ni kilo 100, kama gunia la mahindi. Pili, maji husukuma chembe za udongo zisishikane. Udongo huteleza juu ya mwamba kama mtu anayekanyaga utelezi.

Mizizi ya miti husaidia sana hapa. Huufunga udongo kama kamba zinavyofunga mzigo.

Mambo yaliyotokea Mgeta

Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha Mgeta, katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ilinyesha kwa muda wa saa tatu tu. Maporomoko zaidi ya 1,000 yalitokea. Wataalamu walipoyahesabu waliona kuwa karibu yote yalianzia kwenye mashamba na sehemu za majani. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja katika kila mia.

Lakini tusidhani kwamba msitu huzuia kila kitu. Mlima Hanang, mkoani Manyara, una hifadhi ya msitu. Hata hivyo, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilifuata mabonde mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Dalili za hatari

Wakati wa mvua nyingi, angalieni mambo haya:

1. Nyufa mpya ardhini, au katika kuta za nyumba.
2. Miti au nguzo zilizoanza kuinama.
3. Chemchemi mpya inayotokeza mahali palipokuwa pakavu.
4. Kijito kinachogeuka tope ghafla.
5. Kijito kinachopungua maji ghafla huku mvua ikinyesha.

Dalili ya tano huwadanganya wengi. Watu hufurahi kwamba maji yamepungua. Kumbe huenda udongo umeziba kijito huko juu. Kizuizi hicho kikivunjika, maji na tope hushuka kwa pamoja.

Ukiona dalili hizi usingoje asubuhi. Waamshe watoto, waite majirani, ondokeni. Msikimbie kufuata bonde. Pandeni pembeni, mbali na njia ya tope. Msirudi kuchukua vyombo.

Tufanye nini?

Tusijenge mdomoni mwa korongo wala chini ya mteremko mkali. Tusilime wala kukata miti kuzunguka chemchemi. Matuta yanayokinga maji huhifadhi udongo wa shamba, nayo ni mazuri. Lakini penye mteremko mkali mno matuta peke yake hayatoshi, maana maji yanayotuama huongeza uzito. Mahali hapo pafaa miti.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mlimani hauzibiki kwa udongo, bali tunaweza kuutambua mapema na kuuhama.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji ya chemchemi ya kijiji chetu huanzia upande gani wa mlima? Sehemu hiyo ina miti?
2. Ni nyumba zipi zilizo katika njia ya tope?
3. Usiku wa mvua kubwa, nani atawaamsha watu, nao watakimbilia wapi?