Mourlot: Ukoo wa Wachapaji na Mawe Yao

Matbaa ya Mourlot ilianzishwa Paris mwaka 1852 ikiwa kazi ya familia, na ikaendelea kuwa kazi ya familia baba alipomwachia mwana na mwana akamwachia mjukuu. Mwanzoni haikuwa na uhusiano mkubwa na sanaa. François Mourlot alichapa karatasi za kupamba kuta. Mwanawe, Jules, aliongeza lebo za chokoleti, ramani na karatasi za ofisi, na mwaka 1914 akanunua matbaa nyingine katika mtaa wa Rue de Chabrol. Mtoto wa Jules, Fernand, aliyezaliwa mwaka 1895 na kufariki mwaka 1988, ndiye aliyeifanya karakana hiyo kuwa mahali ambapo Picasso, Matisse, Chagall, Miró na Braque walikuja kuchapa kazi zao.

Walichokifuata hapo ni jiwe. Uchapaji huo huitwa litografia, na jiwe lake bora ni lile la chokaa la Solnhofen, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Chembe zake ni ndogo mno, zimebanana na kusambaa sawasawa, hata linapong'arishwa uso wake huwa laini kama kioo, na bado hunyonya maji na mafuta. Ulaini huohuo ndio uliohifadhi alama za unyoya wa Archaeopteryx, kiumbe mwenye mabawa kama ndege na meno kama mtambaazi, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Alipopewa jina la kisayansi mwaka 1861, mabaki yake yakiwa yametoka katika machimbo ya huko, aliitwa Archaeopteryx lithographica, kwa heshima ya jiwe la wachapaji.

Mbinu yenyewe ilibuniwa na Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa maandishi yake baada ya kulemewa na gharama za matbaa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mwaka 1796 mama yake alitaka orodha ya nguo za kufuliwa, karatasi haikuwapo karibu, naye akaiandika juu ya jiwe kwa wino wake wa nta, sabuni na masizi. Mwanzoni alilimwagia jiwe asidi ili maandishi yabaki yameinuka. Kufikia mwaka 1798 alikuwa ametambua jambo kubwa zaidi: jiwe halihitaji kuchongwa wala kuchimbwa hata kidogo. Kila mpishi anajua kwamba mafuta na maji hayachanganyiki, na hilo peke yake linatosha.

Kazi huanza kwa kusugua. Mchanga na maji humwagwa juu ya jiwe, na uso wake husagwa mpaka kila alama ya picha iliyotangulia iondoke. Msanii kisha huchora kwa kalamu ya mafuta, au kwa brashi na wino wenye mafuta, akikumbuka kwamba kila kitu kitageuka: kilicho kushoto juu ya jiwe kitakuwa kulia kwenye karatasi. Baada ya hapo mchapaji hulipaka jiwe gundi iliyochanganywa na asidi ya nitriki kidogo. Gundi hiyo ni utomvu wa mgunga, na Sudan ndiyo nchi inayojulikana zaidi kwa kuuzalisha. Gundi hushika kila mahali pasipochorwa na kupafanya pahifadhi maji. Michoro yenyewe hufutwa kwa tapentaini, na mtu asiyeijua kazi hii angedhani picha imeharibika, kwa kuwa weusi wote hutoweka. Kilichobaki ni mafuta yaliyokwisha kupenya ndani ya jiwe.

Sasa sponji yenye maji hupitishwa, kisha rola yenye wino mzito wa mafuta. Penye maji wino hukataa kushika, penye mafuta hung'ang'ania, na picha hurudi mbele ya macho kwa kila mzunguko wa rola. Karatasi hulazwa juu, jiwe hupitishwa kwenye mashine, na chapa moja imepatikana. Ikihitajika nyingine, jiwe hulowanishwa na kupakwa wino upya. Kama picha ina rangi sita, kwa kawaida huhitaji michoro sita, kila mmoja kwenye jiwe lake, na karatasi ileile hupita mara sita bila kusogea hata upana wa unywele.

Kwa sababu hiyo chapa ya aina hii si nakala ya mchoro uliopo mahali pengine. Mchoro ulifanywa ili uchapwe, na kila karatasi ni kazi halisi. Idadi huamuliwa mapema, kila karatasi hupewa namba na kutiwa saini, kisha jiwe husuguliwa kwa ajili ya mchoro mwingine.

Fernand Mourlot aliingia katika sanaa kupitia mabango. Mwaka 1930 matbaa yake ilichapa bango la maonyesho ya mchoraji Delacroix katika jumba la Louvre, na mwaka 1937 yakafuata mabango ya maonyesho ya jumba la Petit Palais yenye kazi za Matisse na Bonnard. Ubora wa mabango hayo uliwafanya wasanii wamtazame mchapaji kwa jicho jipya. Kisha, Novemba 1945, Picasso alifika Rue de Chabrol, akakaa miezi kadhaa, akawa anakuja kama mfanyakazi anayewahi zamu. Kati ya Desemba na Januari alichora fahali kwenye jiwe moja na kumbadilisha tena na tena, akichapa kila hatua, zote 11. Fahali wa kwanza ana uzito na nyama. Wa mwisho ni mistari michache tu, na bado ni fahali. Kukwangua jiwe na kulichora tena mara nyingi hivyo kulipingana na mazoea ya wachapaji, lakini walimtafutia njia, na kwa miaka iliyofuata akatoa karibu litografia 400 pamoja na karakana hiyo.

Iliyojulikana kuliko zote ni ya njiwa, ya Januari 1949. Hiyo haikuchorwa kwenye jiwe bali kwenye bamba la zinki, ambalo likitayarishwa hufanya kazi kwa kanuni ileile ya maji na mafuta. Picasso alitumia wino uliozimuliwa, na manyoya ya ndege yakatoka yakiwa na vivuli vya kijivu vyepesi vilivyo vigumu kuvichapa bila kuviua. Mshairi Louis Aragon aliichagua iwe kwenye bango la Kongamano la Amani lililofanyika Paris mwezi Aprili mwaka huo, na njiwa huyo akaenda duniani kote.

Vivuli vile viliokolewa na mikono ya wachapaji, na ni haki majina yao yasimame karibu na ya wasanii. Gaston Tutin alikuwa bingwa wa mashine. Henri Deschamps alikuwa na jicho la kuigawa picha katika rangi zake na kuzihamishia kwenye mawe. Charles Sorlier alifanya kazi na Chagall kwa miongo kadhaa, akimwongoza mchoraji huyo kwenye siri za rangi za litografia.

Mwaka 1967 mtoto wa Fernand, Jacques, alifungua karakana jijini New York, na ukoo huo bado una nyumba ya sanaa huko inayoonyesha na kuuza chapa. Paris, mwaka 1976, kazi ilihamia Rue du Montparnasse, kwenye jengo lililojengwa mwaka 1881 kwa ajili ya mashine za litografia. Tangu mwaka 1997 karakana iko mikononi mwa mmiliki mwingine na inaitwa Idem. Mtengenezaji filamu David Lynch alichapa humo kazi nyingi, kwenye mashine zilezile kubwa za chuma, na mawe yaliyopangwa kwenye rafu husuguliwa hadi leo kila mara msanii mpya anapoingia.