Eksirei Ni Safi, Mbona Mgongo Bado Unauma?

Swali hili huulizwa sana na akina mama wanaopandisha majani ya ng'ombe kichwani, kutoka tambarare hadi kihambani. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini diski laini kati ya pingili, gegedu la goti, kano na mishipa ya fahamu haionyeshi. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kali na mawimbi ya redio, huonyesha hayo yote. Hata kifua kikuu cha uti wa mgongo huonekana mapema, kabla pingili hazijabonyea na kibiongo kutokea.

Utalala ndani ya mashine yenye kelele nyingi kwa muda wa nusu saa hivi, bila kujitikisa. Vua chuma chote, na rozari pia; sumaku haijui kilichobarikiwa! Mwenye betri ya moyo au kipande cha chuma mwilini aseme mapema.

Kipimo ni ghali, na si kila mgongo unakihitaji. Maumivu mengi hupungua katika wiki sita. Lakini miguu ikilegea, au mkojo ukiziba ama kutoka wenyewe, acha kukandwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.