Kuchelewa: Ni Kitenzi au Ni Jina?

Mwaka jana nilisahihisha jaribio la sarufi la mwaka wa kwanza. Swali moja liliwataka wanafunzi wapigie mstari majina yote (au nomino, kama wengi wetu tunavyoandika sasa) katika sentensi hii: «Kuchelewa kwa wagonjwa kuliwaudhi wauguzi.» Mwanafunzi mmoja alipigia mstari maneno matatu: kuchelewa, wagonjwa na wauguzi. Nikamnyima alama kwa neno la kwanza, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: «Kitenzi!»

Alinifuata baada ya somo, wala hakugomba. «Bwana asistenti, kama kuchelewa ni kitenzi, wauguzi waliudhiwa na nini?» Nikamjibu kwamba waliudhiwa na wagonjwa. Akaweka kidole kwenye neno kuliwaudhi. Kama wagonjwa ndio watendaji, akasema, tungesoma waliwaudhi. Hiyo ku- ya mwanzo inatii nani?

Sikuwa na jibu.

Kosa langu najua lilikotoka. Wengi wetu tulijifunza sarufi kwa Kifaransa kabla ya kuisoma kwa Kiswahili. Huko tulizoea kuona kitenzi kikigeuka jina kwa kutanguliwa na kile kineno le: le devoir, le pouvoir, le savoir. Kiswahili hakina kineno hicho, na jicho lililozoea kukitafuta mbele ya neno hupita tu. Kwetu dalili ya jina huonekana katika maneno mengine yanayolazimika kupatana nalo. Tunasema kitabu chake kinatufurahisha, na kwa njia ile ile tunasema kusoma kwake kunatufurahisha. Kusoma kumemtawala mmilikishi na kumemtawala kitenzi. Neno lenye mamlaka hayo ni jina.

Lakini mwanafunzi wangu naye angesema ni jina tupu, ningembishia. Angalia sentensi hii: «Kula kwake nyama kila siku kunamgharimu.» Kwa nje, kula ni jina: kuna kwake, kuna kunamgharimu. Kwa ndani bado ni kitenzi: kina yambwa yake, nyama, na kielezi chake, kila siku. Le manger la viande haikubaliki katika Kifaransa cha leo. Kwetu inapita bila shida. Tena neno hilo laweza kukanushwa, kutofika kwenu, na laweza kubeba kiambishi cha yambwa, kuwasomesha kwake watoto wale. Jina gani la kawaida laweza hayo? Hakuna kutokitabu.

Linganisha na usomaji. Hili nalo limezaliwa na soma, pamoja na somo, msomaji na kisomo, ila limehama nyumba kabisa. Kusoma kitabu ni sahihi, lakini usomaji kitabu hapana. Lazima useme usomaji wa kitabu. Ndiyo maana kamusi humpa usomaji mlango wake mwenyewe, na kusoma humwacha chini ya soma. Mtu anayefundisha kwamba kusoma na usomaji ni kitu kimoja hajajaribu kuviwekea yambwa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba darasani hakuna aliyetilia shaka wagonjwa, nami pia sikushtuka. Kumbe -gonjwa ni kivumishi: mtoto mgonjwa, mbuzi mgonjwa. Mtu ameondoka katika sentensi, kiambishi chake kimebaki, na hicho kinatosha. Hivyo hivyo mzee na mgeni. Methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza haitaji kitu chochote, na bado tunaelewa kwamba ki- inasimama badala ya kitu. Waliochelewa wabaki nje, wa kwanza apewe, changu nirudishie: njia ni hiyo hiyo.

Ninalolipenda zaidi ni chakula. Lilikuwa cha kula, kitu cha kula, nasi tumelila hadi mshono hauonekani. Lakini ukisema vyakula, mshono unafunguka: kinachobadilika ni kile cha cha zamani, kinakuwa vya. Na ukimwambia rafiki «Lakini zako zimenichosha», umekitia kiunganishi katika wingi na hakuna atakayekushitaki.

Wengine watasema haya ni ya Kiswahili sanifu, kwamba huku kwetu upatanisho umelegea. Sokoni Kadutu nimesikia: «Kusema yake inanichokesha.» Mwalimu wa sanifu atasahihisha: kwake, kunanichosha. Sawa. Ila mama yule hakuacha upatanisho. Amelihamisha neno kusema hadi ngeli nyingine, na kule nako linatawala, ya- upande mmoja, i- upande wa pili. Kwake ni jina kama kazi au nyumba. Kwa swali langu la jaribio, yeye angepata alama.

Yule mwanafunzi nilimrudishia yake. Kisha nikazitoa karatasi nyingine zote nizitazame upya. Wengi hawakupigia mstari kuchelewa, nami nilikuwa nimewapa alama kamili. Hizo sikuwanyang'anya.