Mikanda ya dari: Somo la fundi asiyeweza kuja nyumbani

Niliporudi Madisi baada ya miaka 11 ya kuuza vitenge Kariakoo, nilikuwa na ndoto moja: sebule yenye mikanda ya jipsamu, ile inayoziba pembe ambapo ukuta unakutana na dari. Niliizoea katika nyumba niliyopanga Dar es Salaam. Kwangu ilikuwa alama ya mtu aliyeacha kuhamahama.

Mikanda niliinunua hukohuko, nikaifunga kwa mablanketi na kuipakia kwenye basi. Kasumulu ilishushwa, Songwe ikashushwa tena. Nilipoifungua Madisi, kati ya minane, mitatu tu ilikuwa mizima. Ndugu mfanyabiashara, jipsamu si kitenge. Kama huna mbao za kuilaza juu yake safari nzima, nunua Lilongwe.

Mteja mmoja akanielekeza kwa fundi Mkongomani aliyewahi kufanya kazi hiyo Lilongwe. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini Dzaleka, naye akarudi na vyombo vyake. Kwa kuwa asingeweza kuja Madisi kufanya kazi, nilimfuata mimi: nikapita Mponela, kisha nikakata njia ya Dowa.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Nilimkuta fundi amekaa mlangoni akinoa msumeno.

"Mama, bati lako linavuja?" aliuliza kabla sijamaliza salamu.

Nikamjibu kwamba linavuja kidogo.

"Basi anza na bati. Jipsamu ikinywa maji inavimba, halafu inaanguka. Urembo utakuja nyuma."

Somo la pili lilikuwa vipimo. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Kama mkanda ni wa mita 2.4, sita zitatosha kwa hesabu, lakini nunua saba, maana kila kona hula kipande. Dari likiwa chini, chagua mkanda mwembamba. Mpana hukifanya chumba kionekane kimebanwa.

Kazi yenyewe iko kwenye kona. Mkanda hulazwa juu chini ndani ya kisanduku cha kukatia pembe, ukingo wa dari ukikaa chini, ndipo ukatwe nyuzi 45. Kwa kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio unaobaki mrefu. Kwa kona inayochomoza, mrefu ni ule wa dari. Alinikatisha vipande vibovu mara tisa hadi viwili vilipokutana. Ukuta wa matofali ya kuchoma mara nyingi haujanyooka, alisema, kwa hiyo jaribu kipande kabla ya kupaka gundi.

Kisha kwangua rangi ya zamani, chora mikwaruzo na ulowanishe ukuta. Koroga unga wa jipsamu kidogo kidogo, kwani hukauka haraka. Pigilia misumari midogo chini ya mkanda iushikilie, uing'oe gundi ikishakauka. Viungo vijazwe na kufutwa kwa sponji mbichi.

Ipo pia mikanda ya povu jepesi, isiyovunjika ovyo safarini. Ila huyeyuka na kushika moto upesi; usiiweke karibu na jiko la mkaa.

Nilitazama juu ndani ya chumba chake. Pembeni mwa turubai lililoshika vumbi palizungushwa ubao mwembamba uliopakwa rangi nyeupe, umekazwa kwa skrubu.

"Mbona hukuweka jipsamu, Baba?"

"Jipsamu ni ya mtu anayebaki, Mama. Mimi siku jina langu likiitwa, nafungua skrubu, naondoka na ubao wangu."

Nililipia somo kama ningelipia kazi. Madisi nilibadilisha bati mbili, nikangoja mvua tatu kubwa. Dari lilipobaki kavu, nilikata na kubandika mwenyewe kwa siku mbili, kijana wa jirani akishika upande wa pili.

Nikamtumia picha kwa simu, nikitarajia sifa. Jibu lilikuja jioni: "Ni vizuri, Mama. Lakini kona ya mlangoni umekata haraka."

Ni kweli. Wageni hawaioni. Mimi huiona kila nikiingia, na humkumbuka yeye.