Miti ya Chuma Chini ya Bahari

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Nyinyi wa Buffalo, huko Marekani, mnalijua Ziwa Erie, maana ndilo linalowamwagia theluji mpaka mlango haufunguki. Wa Columbus mnalisikia tu, liko kaskazini mwa jimbo lenu. Wa Louisville mna mto wenu, lakini hadithi hii inawahusu pia: usiku wa Januari, hita inaponguruma chini ya nyumba, mara nyingi kinachoungua humo ni gesi.

Kule Fredonia, mji mdogo kusini-magharibi mwa Buffalo, mwaka 1825 William Hart alichimba kisima cha futi 27 tu, akapata gesi ya kuwashia taa. Ilikuwa kazi nyepesi. Kazi hasa ni ile gesi iliyojificha chini ya maji.

Mwaka 1943, humo humo Ziwa Erie, mafundi waliweka kichwa cha kisima cha gesi kwenye sakafu ya ziwa, futi 35 chini. Kilikuwa kichwa cha kawaida cha nchi kavu: valvu juu ya valvu, matawi ya mabomba huku na huku. Wenye kazi yao hukiita mti wa Krismasi. Palipohitajika kuunga bomba au kukaza nati, mzamiaji aliteremka na spana yake. Upande wa Marekani, sheria ya 2005 ilipiga marufuku uchimbaji katika Maziwa Makuu, Erie likiwemo, na mimi naona walifanya vyema. Mamilioni ya watu hunywa maji yake.

Sasa twende kwetu. Kaskazini mwa Msumbiji, baharini mbele ya Cabo Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania, kampuni ya Eni ya Italia iligundua gesi mwaka 2012. Eneo hilo linaitwa Coral. Kina chake ni kama mita 2,000. Huko ni giza totoro, na kila sehemu yenye ukubwa wa ukucha wako inakandamizwa na uzito wa kilo zipatazo 200. Mzamiaji gani atafika?

Anakwenda roboti. Ana taa, kamera na mikono ya chuma, naye hushushwa kwa kebo ndefu. Fundi amekaa juu melini, amekodolea macho skrini, vidole kwenye usukani mdogo, anafungua valvu ambayo maishani mwake hataigusa. Visima sita vya Coral vina miti yao huko chini.

Lakini kinachowanyima mafundi wa bahari kuu usingizi ni barafu. Ndiyo, barafu, katika bahari yetu ya joto! Chini kabisa maji ni baridi kama ndani ya friji. Gesi hupanda pamoja na maji kidogo, na kwa baridi na mgandamizo ule, viwili hivyo hushikana vikawa donge jeupe liitwalo haidreti. Ukilitoa na kulitia kiberiti, linawaka! Likiganda ndani ya bomba, gesi haipiti. Dawa mojawapo ni glikoli, ndugu wa kile kimiminika ambacho baba hutia kwenye rejeta ya gari ili isigande wakati wa baridi. Husukumwa hadi kisimani kwa mrija mwembamba.

Gesi ikishapanda, inapokelewa na Coral Sul, kiwanda kinachoelea chenye urefu wa mita 432, kilichoundwa Korea Kusini. Humo hupoozwa hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, ikawa kimiminika na kupungua ukubwa mara 600, kisha meli nyingine huja kuichota. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Kuelea kuliwafaa kuliko walivyotarajia: Machi 2021 waasi waliuvamia mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, na mradi mkubwa wa gesi wa nchi kavu ukasimama miaka kadhaa, huku kazi ya kiwanda hiki, cha kukaa mbali na pwani, ikiendelea kwa ratiba yake.

Gesi yote hiyo hununuliwa na kampuni ya BP, ikapelekwa ng'ambo. Vijijini Cabo Delgado mama bado anapepea kuni na makaa, jambo linaloniuma. Na mwaka 2025 Eni na wenzake waliamua kuunda kiwanda cha pili, Coral Norte.