Siti, keria na taa za ziada: nini kinarudisha fedha unapouza pikipiki?

Pikipiki mpya inayonunuliwa Kasulu au Kibondo mara nyingi hupita kwanza kwa fundi. Siti inashonwa upya iwe ndefu na laini, keria ya chuma inaunganishwa nyuma, bampa linafungwa, kisha zinafuata taa za ziada na spika. Mwaka mmoja au miwili baadaye mwenye nayo anataka kuiuza. Anajumlisha kila alichotumia kwa fundi, anakiweka juu ya bei, na mnunuzi anakataa.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini mnunuzi anakataa, na unachoweza kufanya usipate hasara.

Mnunuzi halipii ulichotumia

Tuseme ulilipa shilingi 60,000 kushona siti, na 80,000 kwa taa na spika. Jumla ni 140,000. Fedha hiyo imeshakufanyia kazi: ulikaa vizuri, abiria walifurahi, usiku uliona njia. Leo sponji imelala, ngozi ya siti imepauka kwa jua, na spika moja haisikiki. Mnunuzi anapima kitu kimoja tu, nacho ni kazi anayotaka pikipiki imfanyie yeye.

Hata kwenye magari ya gharama kubwa iko hivyo hivyo. Anayeagiza Porsche 911 GT3, gari la kasi la Ujerumani, anaweza kuongeza fedha apate siti nyembamba na ngumu za nyuzi za kaboni. Gari hilo likiuzwa mkononi, mpenda mbio huzitafuta siti hizo, lakini mtu wa safari ndefu huona zitamuumiza mgongo. Kwetu, dereva wa bodaboda wa mjini hutazama siti ya abiria. Mkulima anayebeba magunia ya mahindi au mikungu ya ndizi hutazama keria.

Siti inaeleza pikipiki ilifanya kazi gani

Sheria inaruhusu abiria mmoja kwenye pikipiki. Siti iliyorefushwa humfanya mnunuzi afikirie mshikaki. Atainama kuangalia shokapu za nyuma, rimu, spoku na cheni, akitafuta dalili za uzito uliozidi. Hata kama hukuwahi kubeba mshikaki, siti hiyo imempa sababu ya kupunguza bei.

Kwa hiyo, ukibadilisha siti usiitupe ile ya kiwandani. Ifunge kwenye mfuko, iweke mahali pakavu ambapo panya hawafiki. Siku ya kuuza, irudishe, au mwonyeshe mnunuzi zote mbili achague. Kama siti yako ya sasa imechanika, kava safi la bei nafuu linatosha. Usishone siti ya gharama kwa ajili ya kuuza tu. Fedha hiyo ni vigumu kurudi.

Keria, bampa na nyaya

Bampa huwa na faida kwenye barabara zetu za vumbi na tope, kwa sababu pikipiki ikilala chini hulinda injini na mguu wa dereva. Keria nayo humvutia mwenye mizigo. Mnunuzi huangalia vimefungwaje. Kilichofungwa kwa boliti kinatoka bila kuacha jeraha. Kilichochomelewa kwenye fremu huunguza rangi, hukaribisha kutu, na chuma kinaweza kupasuka pembeni ya pale palipochomelewa.

Kuna hatari nyingine. Namba ya chesisi hugongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Ikiunguzwa au kukwaruzwa wakati wa kuchomelea isisomeke, mnunuzi atahofia kwamba pikipiki ni ya wizi, na ana haki ya kuhofia.

Taa na spika huleta shida ya nyaya. Nyaya zikikatwa na kuungwa ovyo, betri huisha haraka na taa za asili hugoma. Ni afadhali fundi avitoe na kurudisha nyaya zilivyokuwa, kisha uviuze peke yake kijiweni au uvihamishie kwenye pikipiki nyingine.

Kinachobeba bei ni injini na kadi

Mnunuzi makini huwasha injini ikiwa ya baridi, husikiliza mlio, hutazama moshi na uvujaji wa oili. Kisha huomba kadi. Namba ya injini, namba ya chesisi na rangi vinapaswa kufanana na vilivyo kwenye pikipiki. Kama ulibadilisha injini au ulipaka rangi nyingine, nenda TRA urekebishe kumbukumbu kabla ya kutafuta mteja.

Kwa pikipiki ya mkataba, kama bado hujamaliza marejesho, pikipiki hiyo si yako kuiuza. Nawe mnunuzi, usitoe fedha kwa ahadi kwamba kadi italetwa baadaye.

Andikeni mkataba mbele ya mashahidi na viongozi wa kijiji au mtaa, kisha mkamilishe kubadilisha umiliki TRA. Muuzaji asidhani hilo ni la mnunuzi peke yake. Pikipiki ikisababisha ajali au kutumika kwenye uhalifu, jina litakaloonekana kwanza ni lililo kwenye kumbukumbu.

Kabla ya kumwita mteja, ioshe pikipiki vizuri, rudisha siti ya asili, hakikisha taa na honi zinafanya kazi, na shika kadi mkononi. Ukiweza kusubiri, uza baada ya mavuno, wakati watu wengi wana fedha. Ukiuza kwa haraka katikati ya masika, mnunuzi ataiona haraka yako, na atakupangia bei yeye.