Mbabula ilale nje

Ndugu wakaaji, mchana wa Kasese jua ni kali, lakini usiku upepo wa Rwenzori unashuka mpaka Bwera. Hapo ndipo mtu anaingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili watoto wapate joto.

Wengi husema makala hayana moshi, kwa hiyo hayana hatari. Sivyo. Makala yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Kuni nazo, hasa mbichi, zinaharibu mapafu. Mama anapika kwenye mafiga na mtoto yuko mgongoni: wote wawili wanavuta moshi ule ule, na mtoto mdogo hupata nimonia upesi. Pikeni nje au chini ya kibanda kilicho wazi. Anikeni kuni zikauke. Maharage yakilowekwa usiku yanaiva haraka, na kuni zinabaki za kesho.

Wazee wetu, niwieni radhi, sigara pia itoke nyumbani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21, na kuuza sigara moja moja. Hata hivyo bado naona watoto wakitumwa dukani kuleta moja.

Kichwa kikianza kuuma na mbabula iko ndani, usingoje. Toka na watoto wote, acha mlango wazi, kisha nendeni kituo cha afya usiku huo huo.